Dohani ya Dariimaa

Mimi naitwa Tsevelmaa, ila uchochoro mzima unaniita Redio. Jina hilo nililipata miaka mingi kabla watu wa mradi hawajanipa kipaza sauti, kwa hiyo pimeni wenyewe ilikuwaje baada ya kupewa. Weee! Asubuhi ya kwanza tu nilipanda juu ya pipa la majivu, kizibao changu cha njano nimekivaa juu ya koti la ngozi ya kondoo, nikawaamsha majirani wote hadi mbwa wakaingia uvunguni mwa magari. Nilikuwa na raha mimi, acheni tu.

Sababu ya kelele zote hizo ilikuwa imelala ndani ya hema langu. Mjukuu wangu Solongo, mtoto wa miaka mitano, mchangamfu, mdomo kama wangu, lakini kifua chake hakina kheri. Kila baridi ikiingia anaanza kukohoa, na akianza hakohoi kama mtoto, anakohoa kama mzee wa mgodini. Majira yaliyopita tulilala naye hospitali mara mbili. Safari hii daktari alinitazama usoni akasema moshi ndio unaommaliza, na kwamba kama hewa haibadiliki mtoto aondoke mjini, la sivyo tusije kulaumiana baadaye. Mama yake, binti yangu, anapika kwenye mgodi wa shaba huko kusini na hawezi kuacha kazi. Aliposikia maneno ya daktari hakubishana. Alitafuta gari la kumpeleka mtoto magharibi kabisa, kwa bibi yake mzaa baba, safari ya siku tatu kwenye theluji. Nilimwomba anipe muda kidogo. Akanijibu kwamba muda ninao hadi gari litakapopatikana.

Hapo ndipo mradi wa kupunguza moshi ulipokuja, nami nikaudaka kama mtu anayezama adakavyo kamba.

Mambo ya mradi yalikuwa mepesi kuyaeleza. Sisi huku milimani, juu ya jiji la Ulaanbaatar, jiko la katikati ya hema tunaliwasha kama walivyoliwasha mama zetu: vijiti chini, moto unashika, halafu unamwaga makaa ya mawe juu yake. Makaa yale mabichi yakibanwa na moto wa chini yanatoa moshi mweusi mzito, na moshi huo ukitoka kwenye dohani hauendi popote, unashuka na kulala juu yetu. Uyanga, binti wa mradi, akatuonyesha njia nyingine. Makaa unayapanga kwanza, makubwa chini, madogo juu. Vijiti unaviweka juu kabisa, unawasha huko huko juu, unafunga mlango wa jiko, basi. Moto unashuka wenyewe polepole, na moshi ukipanda unakuta moto juu yake unaungua. Hakuna cha kununua. Sharti ni moja tu, usilifungue jiko kuchokoachokoa.

Nyumbani kwangu nilianza siku ileile, na dohani yangu ikatoa moshi mwembamba usioonekana vizuri. Nilicheza! Naapa kwa mbingu ya buluu, nilicheza peke yangu uani na buti za marehemu mume wangu. Kisha upepo ukavuma kutoka ng'ambo ya uchochoro, moshi wa dohani ya Dariimaa ukanijaa mdomoni, na ndani ya hema Solongo akaanza kukohoa.

Dariimaa ndiye jirani yangu wa upande wa upepo. Mjane, mkubwa kwangu kidogo, enzi za ujana wake alikuwa dereva wa winchi kubwa za ujenzi, na mpaka leo anamtazama kila mtu kama yuko juu na wewe uko chini unabeba saruji. Mwanawe wa pekee yuko Korea anafanya kazi kiwandani. Solongo anampenda huyo mama kuliko anavyonipenda mimi, na sababu naijua: mfuko wa koti la Dariimaa haukosi jibini kavu, na mimi mfuko wangu una betri za kipaza sauti.

Sasa, mtu atauliza, kwa nini usimwambie tu? Wewe Redio, unayewaambia watu hata kuhusu suruali zao, ushindwe kumwambia jirani kuwa moshi wake unamuua mtoto? Anayeuliza hivyo hakuzaliwa kwetu. Kwetu unaweza kumsema mtu kwa ubahili, kwa ulevi, hata kwa mke wake ukipenda, lakini hufungui mdomo kulisema vibaya jiko la mwenzako. Jiko ndilo nyumba yenyewe. Moto wake ndio baba yake na babu yake. Ukisema moto wa fulani ni mbaya, umeitukana mifupa ya ukoo wake wote, na hakuna chai itakayosafisha hilo. Kwa hiyo nilikuwa nasema juu ya moshi kwa jumla, moshi, moshi, moshi, na watu wote wakawa wananiitikia kwa huzuni kubwa na kunyoosha vidole kwenye mitambo ya umeme kule bondeni. Nyani haoni kundule. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba moshi unatoka kwingine.

Uyanga alinishauri nipunguze kupaza sauti na nianze kuuliza. Kila hema lina sababu zake, alisema, mama, kaa nao, wasikilize kwanza. Nikamwambia binti, mimi watu hawa nimekaa nao tangu wewe hujazaliwa, nawajua hadi wanavyokoroma. Akaitikia, sawa mama. Ana adabu sana yule binti.

Basi nikaenda kwa Dariimaa kila siku. Siku ya kwanza akaniambia moto ni mzee, una kichwa na miguu, na hakuna mtu mwenye akili anayemwasha mzee kichwani. Siku ya pili akasema jiko lake ni la zamani, halipendi mambo mapya. Siku nyingine mgongo, siku nyingine mbao zake ni mbichi. Nikimpangulia hili, analeta lile. Na uchochoro mzima ulikuwa unamtazama yeye. Akikataa Dariimaa, mahema yote yanakataa.

Nikakasirika, na nikikasirika akili yangu hukimbia kuliko miguu. Mbele ya watu waliopanga foleni ya maji kisimani nikamwambia:

“Dada Dariimaa, tushindane. Majiko mawili, uani kwangu, sufuria sawa, maji sawa. Atakayechemsha chai wa kwanza ndiye mwenye moto.”

Akaniangalia kutoka juu ya winchi yake. “Na nikikushinda?”

“Nikishindwa, habari ya majiko hutaisikia tena kinywani mwangu. Mpaka theluji iyeyuke.”

“Wewe? Unyamaze?” Foleni yote ikacheka. “Hapo, mdogo wangu, nakuja hata kwa magoti.”

Tukaongeza kwamba mshindwa atamletea mshindi sinia la buuz, yale maandazi ya nyama ya mvuke, ya kukunjwa kwa mkono wake mwenyewe. Na akishindwa Dariimaa atawasha juu mpaka Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya. Nilirudi nyumbani naimba. Nilikuwa nimeujaribu moto wa juu nyumbani asubuhi baada ya asubuhi na nilijua siri yake: vijiti vikiwa juu kabisa, karibu na sufuria, maji hupata moto upesi kuliko ukiwasha chini. Ushindi ulikuwa mfukoni. Dariimaa akiwasha juu, wengine wote wangefuata, na Solongo angebaki kwangu.

Siku ilipofika baridi ilikuwa ya kugandisha mate, lakini nani alibaki ndani? Watoto walikaa juu ya ukuta wa mbao kama ndege kwenye waya. Wanaume waliwekeana dau la sigara. Mama mmoja alileta kiti chake na blanketi kabisa. Solongo nilimwamuru abaki hemani, akabaki, yaani alibaki mpaka nilipogeuka, kisha nikamwona amechomoza kichwa mlangoni na kofia ya mbweha, anapiga kelele za kunishangilia mimi na Dariimaa kwa zamu.

Uyanga akapunga kitambaa. Tukawasha.

Jamani, jamani. Moto wangu ulishika kama uliokuwa unangoja amri. Vijiti vikalia, sufuria ikaanza kuimba mara moja, na dohani yangu ikawa safi, unaona mlima kupitia juu yake. Ya Dariimaa ikatapika. Moshi mweusi, mzito, ukamwagikia watazamaji, watu wakaanza kuhama upande wake na kuja upande wangu, wengine wakijifanya wanahamia kwa sababu ya jua. Niliona vipovu vidogo pembeni mwa sufuria yangu. Yeye hana hata kimoja. Nikaanza kuwatania wanaume waliomwekea dau Dariimaa kwamba wajiandae kuacha sigara.

Halafu moto wangu ukanyamaza. Vijiti vilikuwa vimekwisha na moto ulikuwa unashuka kwenye makaa, na ukishuka hautoi sauti, hilo Uyanga alinifundisha na mimi nalijua kwa macho yangu. Nyumbani nikiwa peke yangu huwa nakwenda kukunja blanketi, narudi nakuta umekolea. Lakini hapo watu wote walikuwa wananitazama. Kule kwa Dariimaa jiko linanguruma, kwangu kimya. Mtu mmoja nyuma akasema Redio imekata betri. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikashika chuma, nikafungua mlango wa jiko, nikachokoa.

Nilimsikia Uyanga akisema mama, usi—, basi. Mpango wote ukaporomoka. Makaa yakaanguka juu ya moto, moto ukafunikwa, na kutoka kwenye jiko langu, jiko la mradi, la mfano, lenye kibandiko, likatoka wingu jeusi likanipaka uso mzima. Nikiwa bado nafuta macho nilisikia kelele za shangwe. Sufuria ya Dariimaa ilikuwa inafurika.

Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye theluji. Ningecheka na mimi, maana nilikuwa kichekesho kweli, lakini katikati ya kicheko hicho nilisikia kikohozi. Solongo alikuwa ametoka kabisa mlangoni, moshi wangu na moshi wa Dariimaa ukiwa umemzunguka, anakohoa ameinama, mikono juu ya magoti. Nilimbeba nikakimbia naye ndani. Jioni binti yangu akapiga simu. Gari limepatikana, litafika keshokutwa asubuhi, mfungashie nguo zake za joto.

Kesho yake nililia wakati nakunja buuz. Chumvi sikuhitaji kuongeza nyingi. Jua lilipoanza kuegemea mlima nikalifunika sinia kwa taulo, nikavuka uchochoro, nikaingia kwa Dariimaa, nikaliweka mbele yake na kukaa upande wa mgeni. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeapa mbele ya foleni ya maji, na kwetu neno lililosemwa foleni ya maji lina mashahidi wengi.

Alikula moja. Akala la pili. Akanimiminia chai ya maziwa, nikanywa. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye hema lile bila kuongea, na kumbe hema lina sauti: saa ya ukutani, makaa, kamba za dari zikikaza kwa baridi. Dariimaa alinikodolea macho. Alirekebisha mto. Akasogeza picha ya mwanawe iliyokuwa imekaa sawa tu.

“Sema basi,” akasema mwishoni. “Unanitisha.”

Nikatikisa kichwa.

Akaanza kusema yeye, huku anautazama mlango wa jiko badala ya kunitazama mimi. Aliniuliza kama nakumbuka majira yale mumewe alipofariki, jinsi yeye mwenyewe alivyoteleza kwenye barafu hapo hapo nje, akajikokota ndani kwa viwiko, akalala sakafuni nyonga imevunjika, jiko limezimika, simu iko kitandani na kitanda kiko mbali kama China. Nikakumbuka, kwa mbali. Alilala pale usiku kucha, akisikia baridi inapanda miguuni. Alijua kwamba mwanawe atapigiwa simu akiwa Korea na kuambiwa mama yako aligandishwa kama nyama ya soko.

“Asubuhi mlango ukafunguka,” akasema. “Unakumbuka nani alifungua?”

Nilikuwa mimi. Haki ya mbingu, nilikuwa nimesahau. Nilitoka kumwaga majivu, nikatupa jicho, nikaona dohani ya Dariimaa haitoi moshi, nikasema huyu leo vipi, nikaenda kuangalia. Kwangu ilikuwa asubuhi moja kati ya asubuhi nyingi.

“Moshi ndio uliokuita. Kukosekana kwake. Tangu siku hiyo nikiamka, kabla sijanawa, kabla sijamwomba Mungu, nawasha moto wa moshi mkubwa. Mtaa uone. Mwanangu yuko mbali, mdogo wangu. Mimi nani ataniangalia? Nikiutoa moshi kwenye dohani yangu, mtajuaje kama niko hai?”

Mnaelewa nilivyojisikia? Majuma mangapi nimeingia pale na kizibao changu, na sijamuuliza hata mara moja. Nilimpangulia mgongo, nikampangulia mbao mbichi, nikamchokoa huku na huku, na kitu chenyewe kilikuwa kimekaa pale chini kimya, kinangoja nifunge mdomo.

Akapangusa macho kwa ncha ya kilemba, kwa hasira, kama kwamba mimi ndiye niliyemliza. Kisha akauliza kwa nini sikuja na mtoto leo, jibini lake limekauka mfukoni. Nikamwambia Solongo anaondoka kesho asubuhi, anapelekwa magharibi, daktari amesema kifua chake hakiwezi moshi.

“Moshi wa nani?”

Nikanywa chai.

“Tsevelmaa. Moshi wa nani?”

Aliniita jina langu. Nilitazama ndani ya bakuli, nikaona majani yamezama. Jiko lake lilikuwa mbele yetu wote wawili, na mimi ningeweza kufa kabla sijalitaja. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwangu, ulisikika kwenye bomba la dohani, na yeye aliusikia kama mimi. Sikumaliza chai. Nikaaga, nikaenda kufunga nguo za mtoto.

Asubuhi niliamka na mapema yake, maana sikulala kulala. Nikatoka na ndoo ya majivu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, baridi imekaza, na dohani za uchochoro zilishaanza kutapika moja moja. Nikatupa jicho ng'ambo.

Dohani ya Dariimaa haikuwa na moshi.

Niliiacha ndoo pale pale. Huyo ndiye huwasha wa kwanza siku zote, kabla ya jogoo kama tungekuwa na jogoo. Nikatazama tena. Hakuna. Nikakimbia na nguo ya kulalia na buti za marehemu, nikateleza, nikaanguka, nikainuka, na kichwani nasema nimemuua, nilimtajia habari ya mtoto nikamwacha peke yake, moyo umemzimika, nimemuua mzee wa watu. Nililipiga geti kwa bega. Nikasukuma mlango wa hema kwa mikono yote miwili.

Joto likanipiga usoni. Dariimaa alikuwa amekaa mbele ya jiko, kilemba safi, bakuli la chai mkononi, sufuria inachemka. Jiko limefungwa. Chuma cha kuchokolea alikuwa amekitundika ukutani, juu, mahali ambapo ungehitaji ngazi kukifikia.

“Funga mlango,” akasema. “Unatoa joto nje.”

Nilifunga. Nikakaa sakafuni, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja, na yeye akanimiminia chai bila haraka.

“Nimekuwa nakungoja,” akasema. “Ningekuwa nimevunjika nyonga ningekuwa tayari barafu.”

“Umewasha juu.”

“Nilikutazama vizuri siku ile. Moto wako haukushindwa, mdogo wangu. Ulishindwa wewe na kiherehere chako.”

Hapo honi ikalia uchochoroni. Gari.

Nilisimama, na nadhani uso wangu ulisema yote ambayo kinywa kilikuwa kimekatazwa. Dariimaa aliweka bakuli chini. Alivaa koti lake la sikukuu, lile la hariri ya rangi ya divai, akafunga vifungo vyote hadi shingoni bila kuharakisha, na akaniuliza kipaza sauti kiko wapi. Nikakimbia kukileta. Dereva alikuwa ameshaweka mfuko wa Solongo kwenye gari, na Solongo mwenyewe amesimama theluji imefika magotini, amevaa nguo zote alizonazo, hawezi hata kushusha mikono, anauliza kama huko magharibi kuna Bibi Dariimaa.

Dariimaa alipanda juu ya pipa langu la majivu, na nyonga ile. Nilimshika koti kwa nyuma. Akabonyeza kitufe, kikalia filimbi kali, mbwa wakakimbia, na vichwa vikaanza kutoka kwenye mageti.

“Mimi ni Dariimaa,” akasema, na sauti yake ya winchi haikuhitaji betri. “Tazameni dohani yangu. Iko hai na mimi niko hai. Kwa miaka yote hii moshi wa jiko langu, jiko la mume wangu na baba yake, umekuwa ukivuka uchochoro huu na kuingia kwenye kifua cha mtoto huyu. Nalisema jiko langu mwenyewe, la kwenu silisemi. La kwenu mnalijua nyie.”

Hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele za watu akalishitaki jiko lake. Kulisema la mwenzio ni tusi, lakini la kwako mwenyewe, nani alishawahi kufikiria kwamba linaweza kusemwa? Watu walitazama dohani ya Dariimaa. Kisha, nikawaona, mmoja baada ya mwingine wakageuza shingo na kutazama za kwao. Yule mama wa kiti na blanketi akaziba mdomo kwa mkono. Jirani wa juu, mwanaume mnene aliyeshinda sigara nyingi siku ya mashindano, alisema kwa sauti ndogo kwamba hata la kwake nalo, ukiliangalia vizuri, na hakumaliza.

Kilichofuata kilikuwa vurugu tupu, vurugu tamu. Kila mtu anataka Uyanga aje kwake, sasa hivi, kabla hajalichochea. Binti wa watu alifika mbio, kofia mkononi, anacheka na kufuta machozi yanayoganda. Mimi nilikuwa kwenye simu na binti yangu, nikimwambia mambo kumi kwa pamoja hadi akasema mama, sielewi hata neno. Dariimaa akaninyang'anya simu. Akamwambia kwamba mtoto anabaki mpaka Mwezi Mweupe, kwamba yeye Dariimaa ndiye anayesema, na siku hiyo daktari amsikilize kifua, kikiwa kibaya atampeleka magharibi yeye mwenyewe, kwa miguu. Binti yangu akakubali. Nani ambishie? Dereva alikunywa chai, akala buuz za jana zilizobaki, akaondoka bila abiria.

Lakini swali la Dariimaa lilibaki, na safari hii niliuliza badala ya kujibu. Bila moshi, dada, unataka tukujueje kila asubuhi? Alifikiria. Akasema kila asubuhi yeye hutoka kuirushia mbingu sadaka ya chai ya kwanza, kwa kijiko cha mbao, kama tunavyofanya sote, ila yeye hufanya hivyo nyuma ya hema. Basi atahamia mbele. Na mimi nitoke wakati huohuo, tuonane.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Watu wameiga, unajua watu wetu, sasa jua linapochungulia mlimani unakuta geti baada ya geti kuna mwanamke na kijiko, anarusha chai juu na kuwaangalia majirani kwa jicho la pembeni. Asiyetoka anagongewa. Dohani si zote zilizotakata, yule mnene bado huchokoa akidhani hatumwoni. Ila moshi wa juu ya uchochoro umekuwa mwembamba, na mara mojamoja tunaona nyota za mwisho.

Kipaza sauti nilikirudisha kwa mradi. Sikihitaji, nina mtu. Mwezi Mweupe umeshafika na kupita, daktari amemsikiliza mtoto kifua akasema abaki, na leo asubuhi kabla sijavaa buti Solongo alikuwa ameshatoka, amepanda juu ya pipa la majivu, kofia ya mbweha imemfunika macho, anaita ng'ambo ya uchochoro kwa nguvu zake zote:

“Bibi Dariimaaaa! Uko hai au umekufa?”

Nikasikia geti, kisha sauti ya winchi ikijibu kuwa iko hai, na jibini liko hai pia, aje alichukue kabla mbwa hawajalila. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kijiko mkononi, chai inapoa, nasikiliza. Mtoto yule alikuwa amelivuta lile jina mpaka mwisho kwa pumzi moja, na hakukohoa.